Bati la Kinga za Sjef

Jumamosi, 3 Juni
Mume wangu ameliteka jiko langu. Meza yote ni Roma tupu: kofia ya vita, mkanda, na zile kinga mbili za ugoko, za shaba ya manjano, zenye vichwa vya simba magotini. Ati haziwezi kwenda gwarideni Jumapili ya tarehe 11 hivyo. Mkuu wa kikosi, yaani yeye, hang'ai njano, anang'aa nyeupe! Lazima zipakwe bati.

Nikamwuliza kama kuna Mroma aliyelalamika. Akasema nisikufuru.

Miaka ishirini na miwili Sjef wangu, fundi bomba mstaafu, anazunguka mji wetu wa Nijmegen, hapa Uholanzi, kwa sketi na wanaume wenzake wenye vitambi, wakiigiza askari wa Roma ya kale. Nimezoea. Lakini tangu kiharusi cha Januari mkono wake wa kulia unacheza kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Na bati huyeyushwa kwa moto wa gesi. Mimi nyumba naipenda ikiwa na paa.

Jumapili, 4 Juni
Siki na chumvi. Shaba isuguliwe mpaka isibaki alama hata ya kidole, la sivyo bati halishiki. Msuguaji ni nani? Mimi. Yeye ni amri tu.

"Pale umeruka, Wiets."

"Kwa kinga hiihii nitakupiga."

Nyumba nzima inanuka achari.

Jumanne, 6 Juni
Nilikwenda sokoni. Nusu saa tu! Narudi, moshi unatoka bandani nyuma ya nyumba. Bwana kajaribu peke yake. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kulehemea, ulimponyoka, meza ikaungua, na kichwa cha simba kikabanduka — kumbe kilikuwa kimelehemiwa, moto ukayeyusha lehemu.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, simba kiganjani.

"Nilikuwa nalehemu mabomba nimefumba macho, Wiets."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, tena mzuri. Nikaumeza.

Jumatano, 7 Juni
Viazi. Maharage. Sahani yake imerudi imejaa.

Alhamisi, 8 Juni
Nimeshika mtungi wa gesi mwenyewe. Nikamwambia, nifundishe.

"Wewe? Wewe unaunguza hata chai!"

Lakini akavuta kiti. Simba wa pili naye tumbandue kwanza; wote wawili watagundishwa mwishoni, kwa gundi, moto ukishazimwa. Sasa pasha shaba kwa nyuma. Paka dawa ya kulehemu kwa brashi. Kisha gusisha kijiti cha bati kwenye shaba, si kwenye moto — shaba yenyewe ndiyo iyeyushe. Mara ya kwanza nikapata uji wa mabonge. Akasema Waroma wangenisulubu.

Mara ya pili — loo! Bati likakimbia kama maji, njano ikawa nyeupe mbele ya macho yangu. Nikapiga kelele.

"Futa! Futa, mwanamke, kabla halijaganda!"

Kitambaa kiko wapi? Lazima kiwe pamba tupu. Nikanyakua chupi yake kuukuu kutoka kwenye kapu la matambara, nikafuta. Kinga nzima ikalainika, ikang'aa kama kijiko cha harusi. Sjef alicheka mpaka akakohoa. Mara ya kwanza tangu Januari.

Ijumaa, 9 Juni
Kinga ya pili imekamilika. Simba wote wawili wamegundishwa. Ndipo akakiri, macho yapo sakafuni: yeye haandamani. Hawezi tena kushika fimbo ya mkuu wa kikosi. Jumatatu alishampigia simu Koenraad, mwenyekiti wa chama chao, mhasibu mzee asiyesikia vizuri, kumwambia nitavaa na kuandamana mimi.

Mimi! Bila kuniuliza!

"Na Koenraad akasemaje?"

"Ati jeshi la Roma halikuwa na wanawake. Nikamwambia halikuwa na wahasibu wenye vifaa vya kusikilizia pia."

Nimekataa mara tatu. Kisha nikazijaribu zile kinga, kuona tu kazi yangu. Zinanitosha. Mshenzi yule alinipima miguu nikiwa usingizini.

Jumamosi, 10 Juni
Koenraad amefika saa nne asubuhi na kitabu cha sheria za chama. Nikamfungulia mlango nimevaa kinga mguu mmoja. Akaitazama. Akainama, akapitisha kidole juu ya bati. "Kazi ya nani hii?" Nikamwambia ya mpishi wa shule mstaafu, yaani mimi, na chupi. Akaomba kwenda sebuleni kupiga simu.

Yuko huko mpaka sasa, anawauliza wenzake mmoja mmoja. Nasikia jina langu. Nasikia "lakini" nyingi.

Nilidhani sitaki. Kumbe nahesabu kila "lakini".

Sjef amepiga magoti hapa jikoni, anafunga kamba za kinga ya pili. Mkono unamcheza. Fundo limemshinda mara mbili. Simsaidii — naandika ili vidole vyangu viwe na kazi. Koenraad amekata simu. Nasikia hatua zake zinakuja.

"Usitikisike, Wiets," anasema Sjef, na anaanza fundo tena —