Kura ya Pili ya Mbayo

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kosa la wengi wanapolinganisha meneur wa basketi ni kuhesabu vikapu. Meneur ndiye anayepandisha mpira na kuwapanga wenzake. Basi tazama wale wanne wengine! Wanacheza kupita uwezo wao, au wanasimama wakimshangaa yeye?

Nimewaza haya kutwa kwa sababu kesho tunapiga kura: mimi, Barnabé na Mbelu, wazee wa komite. Club yetu, Étoile ya Manika, inapaka rangi ukuta wa uwanja, na jina la meneur bora wa historia yote litaandikwa pale. Wanaume na wanawake pamoja, safari hii!

Wamebaki watatu. Lukusa: mikono ya ajabu, lakini goti lilimwangusha mapema. Mbayo, marehemu: kasi! Vijana walitoka mgodini Mashamba na vumbi mwilini, kuja kumwona tu. Ila Mbayo akishika mpira, wenzake walikuwa watazamaji kama sisi.

Halafu Myriam. Adèle, yule mrefu wao, hakujua kudaka mpira wa chini. Sikumwona Myriam akimpa wa chini hata mara moja. Daima kifuani, daima mwenzake akiwa ameshageuka. Mji mzima ukadhani Adèle ni fundi.

Myriam nilimfundisha mwenyewe, tangu darasa la sita. Barnabé ni mume wake. Mbelu ni wa Mbayo, anatangaza hata sokoni – aendelee. Kura mbili tunazo.

Jumanne, 3 Juni

Mbayo mbili. Myriam moja.

Mbelu alisoma karatasi, akapiga meza kwa furaha. Barnabé akaanza kufuta miwani. Akafuta, akafuta.

Tulikuwa tumeapa: matokeo yatoke, kura ya kila mtu ibaki siri. Kanuni hiyo niliileta mimi, ili tusigombane na familia za watu.

Nje, tukingoja pikipiki za taxi-moto, nilimuuliza Barnabé. Hakukana hata kidogo.

– Muzee, kila siku ya Mungu niingie ku terrain, nisome jina ya bibi yangu ku ukuta? Batu bataniita bwana ya Myriam mupaka nikufe!

Nikamwambia: lakini wewe ni bwana wa Myriam. Akacheka. Mimi sikucheka. Barnabé naye alikuwa meneur wa Étoile – meneur wa benchi, miaka ile ile mke wake alipokuwa akicheza.

– Na weye usiseme, akaongeza. Uliapa.

Niliapa, ndiyo.

Alhamisi, 5 Juni

Baridi, vumbi. Nilikwenda soko la Manika na binti yangu Rahima. Myriam alikuwa kwenye meza yake ya kuuzia pagne, yaani vitenge. Nikamsalimu.

– Bonjour, monsieur.

Monsieur! Tangu utoto wake ananiita Tata, baba.

Rahima akanitazama: nimemfanya nini Mama Myriam? Kabla sijajibu, Myriam mwenyewe akageuka.

– Mbelu, nilijua. Lakini weye, Tata? Weye njo ulinitia mupira mu mikono!

Hesabu yake ni safi kabisa. Mbelu hafichi, mume hawezi kumkataa mke wake, amebaki nani? Ningekuwa bado mwalimu darasani ningempa alama zote. Imekosea jambo moja tu, lile ambalo mke hawezi kuliwaza.

Ijumaa, 6 Juni. Idi

Kila Idi wanakuja kwangu wote wawili, mume na mke. Leo Barnabé amekuja peke yake. Amekula wali na nyama ya mbuzi, ameongeza, amesifu chumvi. Rahima akauliza Mama Myriam yuko wapi. Kichwa kinamuuma, akasema.

Nikamsindikiza mpaka getini. Hapo akanishika bega, kwa upole, kama mtu aliyenitendea hisani:

– Usiogope. Namutuliza. Nimemuambia: usimukasirikie Muzee, kichwa yake inaanza kuchoka. Ni miaka.

Ananisamehe! Kwa kosa lake mwenyewe, nyama yangu ikiwa bado katika meno yake! Urafiki wa miaka arobaini – na amenivisha nguo yake chafu, kisha anawaomba watu wasinicheke.

Nilisema tu: nenda salama.

Jumamosi, 7 Juni

Mazoezi ya wasichana. Myriam ndiye kocha wao. Mimi hukaa kwenye tofali karibu na mstari, nawaeleza. Ndiyo kazi iliyonibakia.

Leo nimekuta Abigaël, meneur wao mdogo, ananingoja mlangoni. Macho chini. Coach amesema nisikae tena karibu na batoto.

– Pardon, Tata Amadi. Ni yeye amesema.

Nikamwambia hana kosa, aende asipoze miguu. Nikarudi nyumbani kwa mguu.

Ukutani jina la Mbayo limekwisha kuandikwa. Herufi nzuri, bluu. Sina neno: Mbayo anastahili ukuta. Sina neno kabisa na marehemu.

Jumapili, 8 Juni

Nimeswali alfajiri. Nimepima tena kile kiapo, polepole, maana mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Kinafunga mdomo wangu. Mdomo wa Barnabé kwa mke wake, nyumbani kwake? Hilo anaweza: kura ni yake.

Akikataa mbele yangu? Sijui. Sijui kabisa nitafanya nini.

Rahima anauliza mbona nimevaa mapema hivi.

Najiambia: nenda kwa Barnabé na Myriam leo asubuhi, kabla hawajatoka kwenda misa. Keti nao wote wawili, umwombe Barnabé amwambie Myriam alimpigia nani kura.