Sauti ya Sebule Tupu

Mama yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka, nafua soksi zangu, kwa hiyo ukiulizwa waambie mwanangu mzima. Habari za nyumbani siziulizi, maana ninazo tayari, na ni moja. Nauliza miguu yako tu, bado inavimba jioni? Na eda unaikaa kwa utulivu, au majirani wanakuchosha kwa maneno? Huku baridi inauma masikio, na watu wanatembea mbio kana kwamba kila mtu amesahau sufuria jikoni.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Wewe unalia, mimi nanyamaza, kisha Kaka Juma anachukua simu na kusema mtandao mbaya. Barua hii anakuja nayo Yona, yule bondia Mgogo wa Bahi niliyewahi kukutajia, anayelalamika kila siku kwamba chakula cha huku bila mlenda hakishuki kooni. Yeye anarudi kabla yetu kwa sababu amevunjika mkono. Sisi wengine tiketi zetu ni za pamoja, hadi mashindano yafungwe, na nimeomba wee, imeshindikana. Yona ataiacha kwa Juma kazini kwake Chimwaga, na Juma ataileta akija nyumbani Busi. Nimemwambia Juma asiifungue. Isome mwenyewe polepole, halafu umsomee shangazi, kwa sababu nimeiandika kwa ajili yenu wawili.

Nianze na ya timu, maana wanaume wa kijiweni watakuja kutoa pole na watauliza hayo kwanza. Medali hatuna. Yona alipigwa pambano la kwanza, mkono ukavunjikia kwenye kichwa cha mwenzake, anasema kichwa kile kilichongwa kwenye miamba ya Kolo. Kijana wetu wa kuogelea alishika mkia katika kundi lake, lakini alitoka majini anarukaruka kwa sababu ameushinda muda wake wa siku zote, na sisi tukarukaruka naye. Binti wa judo aliangushwa hata sijakaa vizuri kwenye kiti. Marathoni ndiyo iliyotupandisha presha. Kaka mmoja wa Manyara alikaa na wale wa mbele mpaka karibu na mwisho, tukashikana mikono, wengine wakaanza kuutafuta wimbo wa taifa kooni, halafu akawa wa nne. Wa nne haitwi jukwaani. Alikuja kwenye bwalo la chakula, akachukua ndizi moja, akaiweka mbele yake na kuitazama.

Yote hayo nimeyaona na sikusikia kitu, Mama. Si kwamba siwaonei wenzangu uchungu. Ni kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi akang'olewa jino. Anajua wanavuta, basi. Napiga makofi wakipiga makofi, nakaa kimya wakikaa kimya.

Sasa ya kwangu. Lakini lazima nianze na simu ya siku ya kuamkia mbio, ile ambayo wewe na shangazi mmegombana kwa ajili yake.

Nilipiga nikiwa nimeshakula. Unajua simu yako ilivyokuwa, ukiishika wewe baba anakunyang'anya, anaiweka mbali na sikio na kupaza sauti kama aliye ng'ambo ya korongo, "Zaina! Umekula?" Siku ile ulipokea wewe. Nikasema nipe baba. Ukasema, "Baba yako kalala, mwanangu, kachoka na mnada." Ukacheka kidogo, ukaniambia nisijifunike kichwa nikilala, nitakosa hewa. Ulicheka vizuri, Mama. Kama si sebule ningekuamini.

Sebule ndiyo iliyoniambia. Sauti yako ilikuwa inarudi. Sebule yetu imejaa, makochi na vitambaa vyako ulivyodarizi, kabati la vyombo, meza, magunia ya alizeti pembeni, mtu akiongea mle sauti inamezwa. Nimewahi kuisikia ikirudi mara moja tu maishani, bibi alipofariki, viti vyote vilipotolewa nje na jamvi likatandikwa ukuta hadi ukuta. Nilikuwa mdogo. Nilisimama katikati nikawa naliita jina langu mwenyewe nisikie linavyonirudia, mpaka baba akaja akanishika mkono akanitoa nje bila kunigombeza. Kwa hiyo ulipocheka na kicheko chako kikakurudia, niliona jamvi.

Baadaye Juma alinieleza mlivyojipanga. Mliwanyamazisha wanawake waliokuwa wakilia, mkamweka mjomba mlangoni kuzuia watu wasipige hodi, mkampigia kocha wetu, mkamwomba kila mwenye simu pale kijijini asiniandikie neno. Mlikumbuka kila kitu. Viti mkavisahau.

Nikakuambia, "Haya Mama, akiamka msalimie." Ukasema, "Zimefika." Tukaagana.

Najua shangazi atauliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza na mimi. Ningesema, wewe ungeanguka pale pale ulipokuwa umesimama, na mimi wangenitoa kwenye mbio wakanikalisha chumbani na daktari. Na baba alikuwa ameshazikwa, hilo nililijua, kwetu hatulazi maiti kusubiri ndege. Lakini sababu ya kweli si hizo. Ilimradi hakuna aliyetamka, baba alikuwa amelala kama ulivyosema. Nilitaka alale usiku ule mmoja.

Mbio zangu ni mizunguko ishirini na tano. Nilianza katikati ya kundi, sikuwa vibaya. Kisha wale wenye mbio zao wakaondoka, na baadaye wakanipita tena, yaani waliniacha mzunguko mzima. Uwanjani, wa kwanza akibakiza mzunguko mmoja hugongwa kengele. Kengele ni yake, si ya mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimebakiza miwili. Hilo nalijua tangu mashindano ya shule, na kocha wetu, Dada Neema, amelirudia mpaka tumemchoka.

Lakini unakumbuka nilivyojifunza kukimbia. Baba na baiskeli yake, matenga ya kuku nyuma, na mimi mbele yake njia nzima ya mnadani. Hakuwahi kuniambia kimbia hata siku moja. Nikilegea alipiga kengele ya baiskeli, kuku wakapiga kelele, nami nikaongeza. Sasa kengele ya uwanjani ililia nikivuka mstari, ikawa nyuma yangu. Nikaongeza. Sikufikiri lolote. Nilikimbia mzunguko ule kama mwehu, nikawapita wasichana wawili waliokuwa wakinitazama kwa mshangao, nikavuka mstari, nikasimama nikiwa nimeshika magoti. Halafu nikageuka nyuma kumtazama baba kama ameridhika.

Aliyekuwa nyuma ni msimamizi mwenye kofia nyeupe, ananipungia mkono niendelee, bado, bado. Wale wawili wakanipita. Nguvu zilikuwa zimekwisha zote. Nikaenda mzunguko ule wa mwisho nikiwa peke yangu, mara nakimbia mara natembea, na uwanja mzima ukasimama ukanipigia makofi. Watu wa huku wanapenda sana mtu wa mwisho. Nikamaliza wa mwisho, na hayo ndiyo matokeo yangu.

Video yake inazunguka kwenye simu. Juma aliporudi kazini Chimwaga, fundi bomba mwenzake alimwita, "Oya, mcheki huyu dada yetu, kasimama mbio hazijaisha!" Hakujua anamwonyesha kaka mtu. Juma anasema walicheka wote wawili. Alifanya vizuri, angefanyaje tena?

Mnadhani viongozi wa timu waliniambia habari ya baba siku hiyo? Hata. Waliona nimeaibika, wakanihurumia, wakaahirisha. Nilikaa kitandani nawasubiri. Akaja mmoja na juisi, akaondoka. Akaja mwingine kuniuliza kama nina sabuni. Nilikuwa ninayo. Kesho yake asubuhi ndipo wakaja watatu kwa mpigo, Dada Neema kajifunga khanga juu ya traksuti, daktari wa timu, na kiongozi wa msafara ambaye hajawahi kukanyaga chumba chetu. Dada Neema akakaa kulia kwangu, daktari kushoto, wakanibana katikati.

"Zaina," akasema Dada Neema, "wewe sasa ni mtu mzima."

Akaikunjua khanga, akaifunga upya.

"Nyumbani walipiga. Mzee alikuwa hajisikii vizuri kidogo…"

Niliona anavyohangaika, yule mama wa watu, na jasho linamtoka kwenye baridi yote ile. Nikamsaidia. Nikasema, "Dada, wamemzika karibu na bibi?"

Wakatazamana. Daktari akanishika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo ya moyo. Kiongozi wa msafara akatoka nje kabisa. Walidhani nimechanganyikiwa, na tangu siku hiyo kuna mtu ananifuata hata nikienda kupiga mswaki. Dada Neema alilia kwa niaba yangu. Mimi sijalia mpaka leo ninapoandika. Nakwambia mapema usije ukalisikia kwa Yona ukaogopa. Machozi yapo, nadhani, ila hayajui njia ya kutokea huku.

Sasa nifike kwa lililonifanya niandike. Juma ameniambia shangazi anakuja asubuhi, anakaa jamvini mpaka jioni, na chakula chako hakigusi. Kwamba alisema mbele ya wanawake wote kuwa umemzika ndugu yake bila mwanawe, kisha ukakaa na mtoto kwenye simu ukamchekea uongo. Na kwamba wewe hujajibu kitu, umeinamisha kichwa, na usiku unampigia Juma kumuuliza kama nitakuja kukusamehe. Umempoteza mumeo, Mama. Usimpoteze na wifi yako pia, mmeishi naye uzio mmoja tangu sijazaliwa.

Shangazi, shikamoo. Pole sana, umefiwa na kaka yako wa pekee. Haya nayasema kwako. Mama hakunidanganya, kwa sababu mimi nilijua. Nilijua wakati ule ule akiongea, na nikanyamaza kwa hiari yangu. Sikukimbia kwa kupumbazwa. Nilikimbia nikiwa na msiba wangu, kama wewe ulivyokaa jamvini na wako. Kama kuna wa kulaumiwa kwa kunyamaza basi tuko wawili, mama na mimi, na mimi ni damu yako, kwa hiyo nianze mimi kusemwa. Nakuomba siku hii ya barua ule kwake. Hata tonge moja la ugali wa uwele.

Juma anasema pia kwamba baba, walipomleta kutoka mnadani alikoanguka, kabla hajanyamaza alisema mtoto asiambiwe mpaka amalize. Sijui kama alisema mwenyewe au mmemsemea. Usinijibu. Yanafanana naye, yaacheni hivyo hivyo.

Nisalimie Kaka Juma na wifi yangu, na watoto wao wote wa pale nyumbani. Msalimie mjomba wa Kolo anayewapeleka wageni kwenye michoro ya miambani, mwambie asante kwa kulinda mlango. Mwalimu wa madrasa aliyesoma dua, mpe shikamoo yangu. Jirani yetu Mama Tatu, nasikia ndiye anayewalisha kuku wa baba, mwambie yule jogoo mwekundu asimuamini, anadonoa. Baiskeli naomba isiazimwe kwa mtu.

Tutafika kabla ya arobaini. Dada Neema ameahidi kunisindikiza mpaka Kondoa, hataki nipande basi peke yangu.

Nina ombi moja. Tanga limeshaanuliwa, na Juma ananiambia vijana watakuja kurudisha makochi na kabati ndani ili nyumba ikae kama zamani. Msirudishe viti, Mama. Vikae hapo hapo nje chini ya turubai mpaka nifike. Nataka niikute sebule kama ilivyokuwa siku ulipoongea na mimi. Nitaingia peke yangu, nitasimama katikati, nitamwita baba kwa sauti, na nikisikia inavyonirudia, nadhani hapo nitaweza kulia. Na kama baada ya hapo sitoki, uje wewe unishike mkono unitoe.

Mwanao,
Zaina