Tope la Mbaraki

Jumatatu, 20 Januari
Chai ya tangawizi, kompyuta, jenomu, yaani jeni zote za kila kijidudu. Chupa kumi na mbili za tope, sita nimeshazipitia: bakteria wale wale wa siku zote. Ya saba, lo! Kundi la jeni linalotengeneza kemikali isiyofanana na yoyote tunayoijua. Huenda ni dawa mpya. Wanjala, mwenzangu wa maabara, karukaruka. Daktari, mkubwa wetu, kasoma kibandiko cha chupa: Mbaraki, ufukweni.

Kibandiko niliandika mimi. Ni uongo.

Jumatano, 22 Januari
Niandike wazi, hapa hakuna wa kunisoma. Ramadhani ya mwaka jana. Jua, kiu, na Mbaraki maji yamejaa. Nikaona uvivu. Nikachota tope la mfereji nyuma ya nyumba yetu, Mji wa Kale. Tumbo lilifunga, mkono haukufunga.

Leo tumekuta bakteria mwenyewe kafa, friji ilizimika. Jenomu tunayo, mwenye jenomu hatunaye. Lazima atafutwe alikotoka. Wanjala kasema, "Dada, wewe kaa na kompyuta, matope niachie mimi."

Nami nikakaa. Sina haya.

Jumamosi, 25 Januari
Siku ya tatu Wanjala yumo topeni, Mbaraki. Chaza wamemchana mguu. Mtu wa bara, hata kuogelea hajui, anatafuta kisichokuwapo. Nimemfunga bendeji, kanishukuru. Kunishukuru mimi!

Nyumbani Mama kashatangaza mtaa mzima: mwanangu kagundua dawa. Majirani wanipa mkono. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu, 27 Januari
Nimesema. Mbele ya wote wawili, Wanjala na Daktari: tope la ile ya saba ni la mfereji wa kwetu. Wanjala kautazama mguu wake, kaifungua bendeji niliyomfunga, kaifunga upya mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Daktari kauliza moja tu: "Na zile nyingine kumi na moja?"

Nimeapa ni za Mbaraki.

"Nitajuaje?"



Ijumaa, 14 Februari
Bakteria kaota tena, kutoka mferejini kwetu. Ni yeye hasa. Tope kachota Wanjala, kibandiko kaandika Wanjala. Ndiyo haki.

Zile kumi na moja Daktari kaniamuru nizimwage. Nimezitia dawa ya kuua vijidudu, nimemwaga moja baada ya moja, nimeosha chupa. Hizo nilizichota mwenyewe, maji kiunoni, nyingine nikiwa na saumu.

Zote zilikuwa za kweli.