Msalaba Unaolia

Jumapili, 2 Oktoba 1983
Msalaba umesimama! Mume wangu, Baba Asenath, ameuchomelea mwenyewe kwenye kibanda chake cha jua kali hapa Kariobangi – mabomba mawili ya chuma, moja limekingama juu ya lingine, mrefu kupita paa la kanisa. Upepo ulipoanza, ukalia. Mmmm – mlio mzito, kama mtu anayeguna amefunga mdomo. Watu wakapiga magoti. Mchungaji Mulama akasema Roho ameshuka. Sasa kila mwenye shida anaushika akiomba; ukitetemeka mkononi, ati amejibiwa. Hata mimi nimeushika. Ukatetemeka, nikalia machozi.

Jumatano, 5 Oktoba
Upepo tangu mchana, vumbi mpaka kwenye ugali. Mlio unafika hapa jikoni. Kageha wa mlango wa pili ameacha kufua, amekwenda kuushika. Mume wangu hali chakula. Namuuliza, ati hana njaa. Huyu akikataa ugali najua kuna jambo.

Ijumaa, 7 Oktoba
Amesema. Kumbe ni upepo tu. Ukipita kwenye bomba unalitikisa, bomba linalia, na kule kutikisika kunafungua pale alipounga. Leo ameona ufa, ukucha unaingia; upepo ukizidi, bomba litaanguka. Nikamwambia basi nenda ukaseme, unanikodolea macho mimi ya nini? Akaenda. Mulama akamjibu kwamba fundi asiye na imani asiguse tena kazi ya Mungu. Wazee wakamtoa nje kama mlevi. Nina hasira sijui niiweke wapi. Na aibu pia, kwa yale machozi yangu.

Jumapili, 9 Oktoba
Mtoto mdogo ameamka na degedege. Simwachi, wala simtoi nje kwenye upepo huu. Dada yake, Asenath, nilimkataza kwenda kanisani, akaitika vizuri tu. Nimeingia chumbani – gauni la kwaya halipo. Amekwenda! Na leo ndiyo watoto wa kwaya wanauzunguka msalaba, kila mmoja mkono wake juu ya chuma. Baba yake ametoka mbio bila viatu.

Mlio nausikia hapa kitandani. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga kelele. Miaka tisa tu, Mungu wangu, na kichwa kigumu kama changu. Baba yake atakuwa amefika sasa. Kwani watamzuia tena mlangoni?

Mabati yanapigwa vilevile, upepo haujapungua hata kidogo. Lakini mlio umekatika.