Wa Kurudi Kwao

Jumanne, Mafiga

Bado nimeduwaa. Mzee Salum amestaafu kiwandani, na tangu arudi kuishi milimani na mkewe ni ugomvi mtupu. Leo walikuja ofisini kwangu, kwa kuwa mimi ni mshauri wa ndoa. Nikawaambia mmoja arudi kwao kwa muda, hasira zipoe. Nilikuwa namtazama yule mama, mkewe, maana kwetu Moshi anayeondoka ni mke.

Aliyesimama ni mzee.

"Nyumba iko kwenye ardhi ya ukoo wa mke wangu," akasema taratibu. "Kwetu, kwa mila yetu, shamba ni la watoto wa dada yangu, ndio wanaolima. Niende wapi, mwanangu?"

Nikamgeukia mama aniokoe. Alikuwa anajifunga kanga vizuri.

"Mshauri ameshasema," akamwambia mumewe. "Nitakufungia nguo zako."

Nilijaribu kuyarudisha maneno yangu, lakini walikuwa wameshatoka.

Sijui yule mzee amelala wapi.