Bata Bukini wa Wazee

Moravia, wakati wa mavuno

Dada yangu Afra,

Shikamoo. Sisi wazima, ila Veit anakohoa. Kabichi zimestawi, na mwanangu ameota jino.

Umeuliza habari za jumuiya yetu. Jiko ni moja, hakuna changu wala chako. Ndivyo mume wangu Veit alivyohubiri huko kwenu Tirol hadi akafungwa, akatoroka tukaja huku. Lakini wazee wetu wa kanisa wanakula chumbani, mlango umefungwa. Sisi njegere, wao bata bukini wa kuchoma. Watoto wanapewa maziwa yaliyojaa maji.

Jumapili Veit alisimama mezani akauliza, "Ndugu zangu, kama kila kitu ni chetu sote, mbona paja la bata halijawahi kutufikia huku?" Watu wakacheka. Kesho yake wazee wakamtenga: asisalimiwe, asile na mtu yeyote, hata mimi mkewe.

Aliyeniita kunionya ni Mzee Kilian, ambaye Veit mwenyewe ndiye aliyembatiza.

"Dada Walpurga, ukila na mumeo, nawe umejitenga na Mungu," akasema huku akichokonoa meno. Midomo inang'aa mafuta.

"Basi nimeshajitenga," nikamjibu. "Na wewe jifute mdomo."

Nikabeba bakuli langu, nikaenda kula na mume wangu zizini.

Ulisema utauza ng'ombe wako uje kuishi nasi. Usimuuze. Najua huko askari bado wanamsaka Veit, lakini tunarudi. Mtoto anataka maziwa.

Mdogo wako,
Walpurga