Magoti ya Deborah

Mutale, uko? Niko kwa kitanda ya hospitali. Usipige simu, banaweza kusikia.

Asubui munganga alikuya na résultat ya damu yangu. Damu yangu, Mutale. Njo akamuita ndugu yangu Guelor inje ya mulango, na mi nikabakia naangalia plafond kule juu.

Guelor akarudia, asema: "Dada, ni malaria tu." Lakini alikuwa anaangalia dirisha.

Nilitaka kumuamini.

Kisha bibi yake ya ndoa akaingia. Deborah, Mutale. Ule hatukusalimiana tangu matanga ya mama. Alitoka Kamalondo na sahani ya bukari, na samaki yenye napenda. Akapiga magoti pale kwa simenti: "Dada, kama kuko kitu mu roho, unisamehe."

Magoti. Juu ya malaria?

Kwetu balombaka musamaha vile kwa mutu mwenye anaenda bila kurudia.

Nikamusamehe. Nikakula. Nikamwambia malaria itapona tu, akashukuru Mungu, na mi nikamuhurumia.

Mwili ni yangu, lakini jina ya ugonjwa iko mu kinywa ya bengine.

Kesho ukuye. Usinilombe musamaha. Unigombeze tu, sawa na siku zote.